Maegesho ya baiskeli katikati ya Jinja: nichague mtindo gani?

DukaJinja: Wakuu, naombeni ushauri, usingizi sina. Sisi wenye maduka karibu na Main Street tunataka kuweka vyuma vya kuegeshea baiskeli. Wateja wanaziegemeza ukutani, kwenye nguzo za umeme, nyingine zinalazwa kibarazani mpaka mama mwenye mzigo anashuka barabarani kwenye magari. Kuna mtindo wa kuchomeka tairi la mbele katikati ya vyuma, na kuna bomba lililopindwa kama U iliyogeuzwa. Upi bora? Nijibuni leo.

MzeeBugembe: Mwanangu, yangu iliibwa nje ya msikiti siku ya Ijumaa. Nilikuwa nimefunga tairi la mbele kwa mnyororo mzito. Kutoka, nakuta tairi na mnyororo, baiskeli haipo. Dunia imeharibika, vijana hawaogopi hata nyumba ya Mungu. Wekeni mlinzi.

FundiChuma: Mzee amejibu bila kujua. U iliyogeuzwa, Waingereza wanaiita stendi ya Sheffield. Unaegemeza, unafunga fremu pamoja na tairi, na bomba moja linabeba baiskeli mbili, moja kila upande. Ule wa kuchomeka tairi unashika rimu tu. Baiskeli ikisukumwa, uzito wote unaishia kwenye spoki. Kwa kawaida huachwa mita moja kati ya bomba na bomba, lakini huko kwenu watu wanakuja na mkungu wa ndizi na gunia la makaa kwenye keria, kwa hiyo ongeza. Miguu izame kwenye zege. Je, watu wa jiji wameruhusu?

DukaJinja: Ahsante fundi. La ruhusa tutaliangalia.

MamaSaada_Kisenyi: "Tutaliangalia" maana yake hujaomba 😂 Huku Kampala kuna njia ya waenda kwa miguu na baiskeli, Namirembe Road kuja Luwum Street. Nyie wekeni vyuma, muone kama pikipiki za boda hazitageuza steji.

FundiChuma: Kaka, nijibu sawasawa. Vyuma vishatengenezwa au bado?

DukaJinja: Vimetengenezwa.

FundiChuma: Mtindo upi?

DukaJinja: Wa kuchomeka tairi. Lakini sikilizeni kwanza. Aliyechomelea ni shemeji yangu, ametupunguzia bei, na pesa ni za mchango wa wenye maduka wote. Tena shule ya jirani inavyo vya aina hiyo miaka mingi na watoto hawalalamiki. Vinabeba baiskeli nyingi mahali padogo. Nilitaka tu kujua kama kuna mtu vimemfaa.

MamaSaada_Kisenyi: Kumbe hukuja kuomba ushauri, ulikuja kuomba baraka!

Ustadh_Arua: Mali ya watu ni amana, ndugu yangu. Kazi ya umma kumpa shemeji bila kushindanisha bei ni mlango wa fitina. Waite wenzako uwaeleze.

Kijiweni256: Mimi naona hii ni chai. Akaunti mpya, hajawahi kuandika hata salamu, ghafla anataka majibu leo leo. Huyu ni mtu wa mradi, anavuna maoni yetu bure, kesho tutayakuta kwenye ripoti ya wafadhili. Sera ya usafiri usio wa injini nchi hii inayo tangu 2012, kwa nini wewe ndiyo unaamka sasa?

MzeeBugembe: Hata mimi nilishangaa. Mwenye duka gani analala macho kwa baiskeli za wateja?

DukaJinja: Mwenye duka aliyeshika pesa za wenzake, mzee! Vyuma viko uani kwangu na kesho tuna kikao. Njooni mvione.

Kijiweni256: Weka picha.

DukaJinja: Huku umeme hakuna, giza tupu.

Kijiweni256: 🤣🤣 Chai na maandazi.

MamaSaada_Kisenyi: Kama kweli vipo, funga vichache tu uani, baiskeli za wafanyakazi zikae. Barabarani usipeleke.

FundiChuma: Mwacheni. Akiwa mwongo, kuna mwingine atasoma. Kaka, shemeji alitumia bomba au nondo? Bomba la kutosha unene tunaweza kulikata na kulipinda upya.

DukaJinja: Nondo.

FundiChuma: Basi hayo ni madirisha. Muulize kama kuna mtu anajenga.