Nimchoreje mama anayeuza picha zake mtandaoni bila ya kumfutia umri?

Mchoraji wa Kikwajuni
Assalaam alaykum. Ninachora kwa rangi za mafuta, na sasa ninaye mama wa miaka 58, mzaliwa wa hapa Unguja aliyeishi Uingereza zaidi ya nusu ya umri wake, ambaye riziki yake huko ni kuuza picha za mwili wake katika OnlyFans, tovuti ambayo watazamaji hulipia picha. Ameniruhusu kueleza hayo bila ya kumtaja. Alinionesha picha mbili katika simu, moja imepitishwa katika programu ya kulainisha ngozi na nyingine haikuguswa, akaniambia kuwa wateja wake humfuata kwa sababu ni mtu mzima, na bado hawezi kutuma picha kabla ya kuifuta mikunjo ya shingo. Anataka nimchore shingo ikiwepo. Nimekwishakwangua turubai mara tatu: nikiipaka mikunjo rangi nzito anaonekana mgonjwa, nikiipunguza inarudi ile picha ya simu. Nifanyeje?

Mwalimu wa sanaa, Chake Chake
Wa alaykum salaam, dada yangu. Naamini unaichora mikunjo kama mistari. Mkunjo ni mahali nyama inapogeuka, kwa hiyo una upande unaopokea mwanga na upande unaoukosa, na ule wa kivuli usiutilie nyeusi hata chembe. Changanya kahawia nyekundu na buluu kidogo, kisha ukingo wake wa chini uupe joto la rangi ya udongo.

Mtazame pia Alice Neel, mchoraji wa Marekani aliyezaliwa mwaka 1900, ambaye mwaka 1980 aliikamilisha picha aliyojichora mwenyewe akiwa uchi. Ameketi katika kiti chenye mistari ya buluu, amevaa miwani, tumbo na matiti yameshuka, na mkononi ana brashi. Mimi simwonei huruma hata kidogo ninapoitazama, kwa sababu yumo kazini na anatutazama kama alivyokuwa akiwatazama aliowachora. Mama unayemchora naye ana kazi. Mpe simu yake mkononi, na mwanga wa simu hiyo uiguse shingo.

Somo wa Mkunazini
Wanangu, biashara hiyo siiridhii, na dini yangu haiiridhii. Nalisema wazi ili nisieleweke vingine. Lakini kwamba mwanamke akizeeka hatamaniki, hilo wazee wetu hawakutufundisha. Katika unyago anayewafunda wari ni mkubwa wao, na Bi Kidude, aliyefariki mwaka 2013, aliipiga ngoma hiyo na kuimba hadi uzee mkubwa kabisa. Uzuri tuliofundwa sisi ulikuwa katika liwa, udi na kikuba cha asumini na mrehani, na katika namna ya kuketi na kusema, mambo ambayo simu haiyachukui. Muulize mama huyo hujipamba vipi siku asiyopigwa picha, umchore hivyo.

Mwanasheria, Mji Mkongwe
Bi Somo, shikamoo. Nina maneno mawili tu. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inakataza kusambaza picha za ngono kwa mtandao, nayo inatumika hata huku Zanzibar, basi zile picha za simu zisiingie katika simu yako. La pili, ambalo kwangu ni zito zaidi, ni kwamba sura yake itajulikana na jamaa zake. Victorine Meurent aliketi kwa ajili ya Olympia, picha ya mwanamke aliye uchi kitandani iliyochorwa na Mfaransa Manet na kuoneshwa Paris mwaka 1865 katika maonesho makubwa ya Salon, naye alikuwa mchoraji ambaye kazi zake zilikuja kuoneshwa katika Salon hiyohiyo. Hata hivyo wengi wanamjua kwa kitanda kile tu. Andikianeni picha itaoneshwa wapi na nani aruhusiwe kuipiga picha.

Mchoraji wa Kikwajuni
Shikamoo Bi Somo, na ahsanteni nyote. Jana nilimuuliza. Alisema kuwa siku asiyofanya kazi hujifunga kanga, hujipaka mafuta ya nazi magotini, na hufukiza udi mpaka jirani yake wa huko hufungua dirisha. Tumekubaliana, kwa maandishi, kuwa picha itakwenda nyumbani kwake na haitaoneshwa hapa. Simu nimeiweka juu ya mkeka, imewashwa, kando ya chetezo, na mwanga wake unampata chini ya kidevu. Mikunjo mitatu ya shingo imekaa vizuri kwa kahawia nyekundu na buluu. Wa nne, ulio karibu na sikio, bado unanisumbua.