Mwanangu anaimba namba zote za kwenye TV ila maharage sita yamemshinda

Mama Wawili:
Habari zenu wapendwa. Tangu shule zifungwe kwa corona ile 17 Machi 2020 niko nyumbani na wawili, mkubwa la pili, mdogo ana miaka mitano yuko awali. Mkubwa ana madaftari yake anajisukuma hivyo hivyo. Huyu mdogo ndo mtihani, nikaanza kumwekea Akili and Me, ile katuni ya kufundisha watoto wadogo, jamani anaipenda, Akili akishalala tu akaingia Lala Land, kule ndotoni kwake, na huyu wangu anasogeza kigoda mpaka pua inagusa kioo. Anaimba moja mpaka kumi bila kukwama nikasema hapa ada nimeokoa 😂. Sasa juzi nachambua maharage nikamwambia hebu nihesabie haya, yalikuwa sita, kidole kinaenda huku mdomo unaenda kule, akafika tisa. Rudia, akapata saba. Hasira zikanipanda nikamzimia TV, alilia mpaka jirani akauliza kulikoni. Hivi hivi vipindi vinafundisha kweli au tunajidanganya tu ili tupate nafasi ya kupika?

Ticha Mstaafu:
Mama Wawili pole, ila mtoto hajakosea. Nimefundisha awali na la kwanza miaka mingi, hao wa hivyo ni wengi mno. Alichoshika ni wimbo, kama wewe unavyoimba Kilingala mwanzo mwisho na neno hata moja hulijui. Kuhesabu ni namba moja kwa kitu kimoja, na hiyo mtoto anaipatia mikononi. Okota vizibo vya soda, bakuli mbili, ahamishe kimoja kimoja, kizibo kikilia "ko" ndo ataje namba, kisipolia asitaje. Anza na vitatu tu hata kama anaimba mpaka ishirini. Akimaliza muulize vipo vingapi. Akianza tena kutoka moja ujue bado hajashtuka kwamba ile namba ya mwisho ndo jibu, usimcheke, rudieni kesho. TV muwashie, ila kaa naye hata dakika kumi, na vizibo viwe hapo hapo mkekani.

Baba Kihonda:
Ticha umeongea vizuri ila hiyo ya kukaa naye ni kwa mwenye nafasi. Huku nyumba yetu TV moja wapangaji watatu, watoto tisa sebuleni, umeme wa LUKU tunachangishana na kifurushi cha king'amuzi kikikata ndo basi tena. Halafu kipindi kikiisha hakuna wa kuzima, inaingia katuni ya kizungu ya kupigana, wa kwangu katoka pale kampiga mwenzie teke la kuruka. Hilo hakuhitaji vizibo, kalipata mara ya kwanza tu.

Ticha Mstaafu:
😂😂 Kaka jaribu redio basi, Ubongo, hao hao wanaotengeneza Akili and Me, wana vipindi vya redioni pia. Redio haina kioo cha kugombania.

Bi Mkubwa wa Kisauni:
Asalam aleikum jamani. Huku Kenya nasi tumefungiwa tangu katikati ya Machi, wakubwa wana masomo ya KICD, ile taasisi ya mitaala, kwa redio na TV, na wadogo mwisho wa mwezi huo huo wakafunguliwa stesheni yao nzima, Akili Kids, hailipiwi. Binti yangu naye alikuwa wa kukodoa macho tu. Kilichomsaidia ni nyanyake, hakwenda skuli yule, basi kipindi kikiisha humwita, "njoo nisomeshe, wamesema nini leo?" Hujifanya hajui, atasema "eti baada ya nne ni saba?" na mtoto hung'aka, "nyanya hukuskiza!" halafu humuelezea upya kutoka mwanzo. Mie niko jikoni na wala sina habari nao.

Mama Wawili:
Narudi na mrejesho wakuu. Ticha, vizibo nimeomba kwa mangi, siku mbili za kwanza alikuwa anavirusha tu, mara viko chini ya kochi. Siku ya tatu akatulia, sasa hivi tupo kwenye vitano na nikimuuliza vingapi anajibu bila kuanza upya. Kuandika bado kabisa, tatu anaigeuza inatazama nyuma. Bi Mkubwa nimejaribu na yako, mi sijui kuigiza, kaniambia "mama si unajua wewe." Ila leo asubuhi kahesabu maandazi kwenye sahani, yalikuwa manne, akahesabu tena, kisha akaniita, "mama yalikuwa matano, kaka kala langu." Na kweli kala.