Mjadala: Muungano wa kisiasa wa Afrika hautawezekana kabla marais hawajakubali kushindwa mahakamani

Swali ninalolileta ni la zamani: je, nchi za Afrika ziungane kisiasa chini ya serikali moja, na kama ndivyo, ziungane mara moja au hatua kwa hatua? Tumezoea kulijadili kana kwamba wajumbe wa mkutano wa Addis Ababa wa Mei 1963, ulioanzisha Umoja wa Nchi Huru za Afrika, bado wamo ukumbini. Yupo Kwame Nkrumah wa Ghana, aliyetaka serikali ya bara zima yenye ulinzi mmoja na sera moja ya nje kabla viongozi wa nchi changa hawajaanza kunogewa na ukuu wao. Na yupo Mwalimu Julius Nyerere, aliyeamini kwamba miungano ya kanda ndiyo ingetufikisha huko. Mjadala huohuo ulirudi mwaka 2007, wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika walipokutana Accra kuzungumzia serikali ya muungano, huku Muammar Gaddafi wa Libya akihimiza haraka. Walitoka na azimio la kuziimarisha kwanza jumuiya za kanda.

Mimi ni muumini wa muungano, na sitajifanya mwamuzi asiye na upande. Hata hivyo, naona kwa zaidi ya miaka 60 tumebishania kasi, ilhali kinachotukwamisha ni kingine kabisa: hatujapata chombo cha pamoja ambacho rais aliye madarakani anakubali kimwambie kwamba amekosea, naye akatii hata pale uamuzi unapomuuma.

Tuangalie yaliyotokea kusini mwa bara. Jumuiya ya Maendeleo ya Kusini mwa Afrika (SADC) ilikuwa na mahakama yake mjini Windhoek, Namibia. Mwaka 2008 mahakama hiyo iliamua kwamba serikali ya Zimbabwe ilikiuka mkataba wa jumuiya kwa kutwaa mashamba ya wakulima wa kizungu bila kuwapa nafasi ya kusikilizwa wala fidia. Dhuluma ya ardhi iliyofanywa na wakoloni ilikuwa ya kweli, na simlaumu mtu aliyeusoma uamuzi ule kwa uchungu. Lakini zingatieni kilichofuata. Zimbabwe ilikataa kutii, na wakuu wa nchi, badala ya kumbana mwenzao, waliisimamisha mahakama yenyewe mwaka 2010. Miaka miwili baadaye waliamua kwamba itakaporudi ishughulikie migogoro baina ya nchi na nchi tu, na mwananchi wa kawaida afungiwe mlango. Hawakupendekeza sheria bora ya ardhi wala kuwabadilisha majaji. Walimwondoa mlalamikaji.

Arusha nayo ina funzo lake. Pale ndipo yalipo makao ya Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, na mtu binafsi anaweza kuishtaki nchi yake moja kwa moja ikiwa tu nchi hiyo imetoa tamko la kuruhusu hivyo chini ya ibara ya 34(6) ya itifaki iliyoiunda mahakama. Rwanda iliondoa tamko lake mwaka 2016, Tanzania, ambayo ndiyo mwenyeji, ikafuata mwaka 2019, kisha Benin na Ivory Coast mwaka 2020. Ikiwa mwenyeji wa mahakama hataki raia wake wavuke barabara kwenda kumshtaki, ni kwa msingi gani tunatarajia akabidhi jeshi, sarafu na mambo ya nje kwa serikali itakayokaa mbali zaidi?

Wapo watakaosema kwamba haya ni mambo ya wanasheria, na kwamba mwananchi anachotaka ni kuuza na kununua bila kusumbuliwa. Nawajibu kwa mfano wa mahindi. Jumuiya ya Afrika Mashariki ina umoja wa forodha tangu 2005 na soko la pamoja tangu 2010, lakini Machi 2021 mamlaka za Kenya zilizuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa maelezo kwamba yana sumukuvu, yaani sumu inayotokana na ukungu wa nafaka, na malori yakajikuta yamepanga foleni mpakani Namanga na shehena yake. Huenda hofu ya sumukuvu ilikuwa na msingi. Afya ya mlaji si jambo la kuchezea. Ila mzuio uliwekwa na serikali moja na ukalegezwa kwa masharti baada ya siku chache, na mwenye lori hakuwa na mtu wa pamoja wa kumwendea asubuhi ile ile. Eneo Huru la Biashara Barani Afrika, lililoanza kufanya kazi Januari 2021, litazaa foleni za namna hiyo kwa wingi tusipojenga mahali pa kuzipeleka.

Hoja ninayoiheshimu zaidi ni ya wanaohofia kwamba wakubwa watawameza wadogo. Eritrea iliunganishwa na Ethiopia kwa shirikisho mwaka 1952, Mfalme Haile Selassie akalivunja shirikisho hilo mwaka 1962, na ilichukua miongo mitatu ya vita hadi uhuru wa 1993. Hofu hiyo ni ya haki. Kwangu mimi, hata hivyo, haithibitishi kwamba muungano ni kosa. Inaonyesha kwamba mkataba usio na mtu wa kuulinda dhidi ya mwenye nguvu ni karatasi.

Muungano wa Tanganyika na Zanzibar unanipa kazi ngumu zaidi, kwa sababu umedumu tangu Aprili 1964 bila kutegemea mahakama ninayoidai. Katiba ya Tanzania inataja Mahakama Maalumu ya Katiba, ambayo nusu ya wajumbe wake huteuliwa na kila upande, lakini kile kinachoitwa kero za Muungano, yaani migogoro baina ya pande hizo mbili, kimeshughulikiwa zaidi katika vikao vya viongozi. Nakiri kwamba njia hiyo imefanya kazi palipokuwa na pande mbili na hatimaye chama kimoja. Sioni namna itakavyofanya kazi kwa nchi 55 zenye vyama, lugha na maslahi yanayogongana.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: nchi yoyote inayosimama kwenye mkutano wa kilele kudai serikali ya bara iulizwe kwanza kama imetoa tamko la ibara ya 34(6), na iliyoliondoa ilirudishe kabla haijapewa nafasi ya kuzungumza. Wanaopinga sharti hili wanieleze serikali iliyoikimbia mahakama ya Arusha itawezaje kutii bunge la bara zima litakapopitisha sheria isiyoipenda.