Kupanda Ngozi tunaanzia wapi?

Wakuu habari, mwezi wa saba tunataka kwenda Ziwa Ngozi tukitokea Mbeya mjini, njia ikoje? Nipo na mdogo wangu, anaogopa miteremko.

– Mkuu pandeni Kosta za Tukuyu mshukie Mchangani, hapo bodaboda mpaka msituni, na mtafute mwenyeji awaongoze. Mwanzoni poa tu ila kule juu kwenye mianzi kunakaba, mnashika mizizi kwa mikono, mvua ikinyesha udongo unateleza balaa, lakini ukifika ukingoni unaliona ziwa lote chini, kijani, lipo ndani ya volkano iliyoporomoka, aisee ni pazuri mno.

– Julai pakavu, ila bebeni masweta. Kushuka majini na dogo hapana, kuta zimesimama wima.

– Mlima Rungwe je?

– Huo unapita mita 2,900, utengee siku yake nzima.