Mafunzo ya lishe, afya na akiba kwa wazazi: tuanzie wapi?

Swali: Habari zenu wakuu. Tunaandaa mafunzo ya wiki 8 kwa wazazi 25. Kipi kitangulie, na watu hukwama wapi?

Jibu: Salama, ndugu. Anzeni na lishe, tena kwa vitendo. Mtoto akitimiza miezi 6 huanza na vijiko 2 hadi 3 vya chakula, mara 2 au 3 kwa siku, huku akiendelea kunyonya. Watu hukwama kwenye uzito wa chakula: chakula chepesi kama maji hujaza tumbo dogo bila kumlisha. Ukiinamisha kijiko, chakula kidondoke polepole, kisitiririke. Kila mzazi ashike kijiko aonyeshe mwenyewe, maana kuitikia "ndiyo" si kuelewa.

Jibu: Naongezea kuharisha. Pakiti ya ORS (chumvichumvi ya kuchanganya na maji ili kurudisha maji mwilini) ndiyo bora. Ikikosekana: lita 1 ya maji safi, sukari vijiko 6 vya chai, chumvi nusu kijiko cha chai, vyote vya kusawazisha. Chumvi ikizidi ni hatari kwa mtoto, kwa hiyo pimeni mbele ya watu, msikadirie kwa mkono.

Jibu: Kwenye akiba, sanduku la pesa za kikundi liwe na kufuli 3 na funguo kwa watu 3, na mtunza sanduku asiwe mmoja wao. Hesabuni pesa kwa sauti kila mkutano. Tengeni mfuko wa jamii (pesa za kusaidia wanachama wenye dharura) kando tangu siku ya kwanza. Mfuko huo usipokuwepo, mtoto akiugua mwanachama hukopa kwa ajili ya matibabu, kisha marejesho humshinda.

Muulizaji: Asanteni sana. Vijiko na kufuli vinanunuliwa kabla ya wiki ya kwanza.