Taarab iingie "muziki wa dunia"?

Wakuu, napakia albamu ya taarab mtandaoni. Kwenye aina ya muziki nichague "muziki wa dunia"? Maana yake hasa nini?

— Mkuu, hiyo ni rafu ya duka, si mtindo. Mwaka 1987 kampuni ndogo za rekodi zilikutana kwenye baa moja London zikakubaliana jina hilo, kwani wenye maduka hawakujua santuri za Afrika waziweke wapi. Ndiyo maana humo utakuta qawwali ya Pakistani, mbalax ya Senegali na taarab, vitu visivyohusiana kabisa.

— Naongezea: waandaaji wa tuzo za muziki za Grammy waliliacha jina hilo 2020. Kama mfumo unaruhusu aina mbili, hilo liwe kundi kubwa, dogo andika taarab. Ukiliacha kundi dogo tupu, anayetafuta taarab atakupata kwa shida. Kwenye maelezo taja ala: ganuni, udi, fidla.

— Na majina ya wapigaji wote!