Kampuni inataka kutufungia kapasita bure kinuni, tugawane kinachookolewa. Tusaini?

Mpunga_Ubaruku
Wakuu, ni kinu cha kukoboa mpunga huku Mbarali. Mota tano, kubwa ni ya 37 kW. Zote zikiwaka mzigo ni kama 90 kW. Bili za msimu zinasoma 125 kVA (kilele cha umeme tuliovuta mwezi huo, nacho kinalipiwa). Kampuni inaleta kapasita (vifaa vya kupunguza hiyo kVA) kwa gharama zake, sisi tuilipe asilimia 60 ya "kitakachopungua kwenye bili" kwa miaka 5. Hesabu zao zinasimama?

Fundi_Nyororo
Anza na bili yenyewe. Ina mstari wa kVA, kwa hiyo upo T2 (kundi la bei la TANESCO la watumiaji wakubwa, wanaolipia unit na kVA), na hapo kapasita ina kazi. Aliye T1 (kundi la matumizi ya kawaida) na LUKU analipa unit tu. Mfungie kapasita za aina yoyote, bili yake karibu haisogei. Vile viboksi vya kuchomeka ukutani vya "kupunguza umeme" ni utapeli kwa sababu hiyohiyo.

90 ÷ 125 inakupa pawa fakta 0.72, yaani sehemu ya umeme unaovuta ambayo inafanya kazi kweli. Ipandishe mpaka 0.95, zilezile 90 kW zitasomeka 95 kVA. Umeshusha kVA 30. Kapasita unayohitaji: 90 × (0.96 − 0.33), ambazo ni tan za pembe za pawa fakta 0.72 na 0.95, kama 57 kVAr (kipimo cha ukubwa wa kapasita), chukua 60.

Ila usikubali kipande kimoja cha 60 kilichofungwa moja kwa moja. Mota zikizimwa ikabaki feni na taa, kapasita inazidi mzigo na volti zinapanda. Dai kabati lenye hatua za 5, 10, 15 na 30, na kidhibiti kinachowasha na kuzima chenyewe. Kontakta (swichi za kuwasha kila hatua) ziwe za kapasita, zenye vizuizi vya kupunguza mshtuko wa kuwasha. Za mota za kawaida zinagandana meno baada ya muda mfupi.

Waya_Tatu
Naongezea CT (kihisi cha mkondo kinachokipa kidhibiti vipimo), maana hapo ndipo wengi wanaharibu. Ikae kwenye waya mkuu unaoingia, kabla ya njia ya kapasita, ili isome mota pamoja na kapasita. Ukiiweka upande wa mota tu, kidhibiti hakioni kapasita zilizokwisha ingia, kinaendelea kuongeza hatua mpaka mwisho. Ukiigeuza mwelekeo, kinasoma kinyume. Na kabati lisikae chumba cha pumba: vumbi linaziba feni, kapasita zinachemka, zinavimba. Kabla ya kugusa, zima, subiri angalau dakika tano, kisha pima kwa mita, usiamini taa.

Mkiwa na mota zenye inveta (kifaa cha kubadilisha kasi ya mota), semeni mapema. Kapasita tupu hapo hazidumu. Zinahitaji koili za kuzikinga.

Makambako_Hesabu
Mkuu, kapasita ni sehemu rahisi. Tatizo ni hayo maneno "kitakachopungua". Mwaka ambao mpunga ni haba bili inashuka yenyewe, na kampuni itadai asilimia 60 ya ukame wenu! Andikeni fomula: akiba ya mwezi = (kW iliyopimwa ÷ 0.72) − kVA ya bili, mara bei ya kVA. Hapo mkifanya kazi kidogo, pande zote mbili zinashuka pamoja, na kampuni inalipwa kwa pawa fakta tu. Hiyo 0.72 ipimwe kwa wiki mbili kinu kikiwa na mzigo kamili, mbele ya fundi wenu, isainiwe kabla kabati halijafungwa.

Tuseme kVA moja ni Sh 15,000 (tumia bei ya bili yako). kVA 30 ni Sh 450,000, wao wanachukua 270,000. Msimu wa miezi 5 kwa miaka 5 ni Sh 6,750,000. Ombeni bei ya kabati la 60 kVAr Mbeya mjini, kisha mlinganishe. Mkiweza kujinunulia, akiba yote yenu.

Mpunga_Ubaruku
Asante wakuu. Wanataka pia kubadilisha mikanda na puli. Fomula ni hiyohiyo?

Makambako_Hesabu
Hapana. Mikanda inapunguza unit, siyo kVA pekee. Pimeni unit kwa tani ya mpunga ulioingia, kabla na baada, kwa mpunga wenye unyevu unaokaribiana. Unyevu ukipishana mnabishana bure. Na mikanda mnaweza kuikaza leo wenyewe, bila mkataba wa mtu.